Kiboko au Kikao? Vijana Waliokosa Katika Nchi ya Chai

Mtoto akitiwa mikononi mwa polisi, neno la kwanza vinywani mwetu watu wa pwani ni lile la samaki kukunjwa angali mbichi. Na huko kukunja, kwa wengi wetu, maana yake ni kiboko. Leo nawaomba wasomaji tupande bara hadi Kericho na Bomet, tutazame njia nyingine.

Nchi ile ni ya Wakipsigis, na tangu miaka ya 1920 mashamba makubwa ya chai yameenea katika vilima vyake. Kazi ya chai ikipungua, vijana huketi bure. Mwezi Mei 2023 watu waliandamana Kericho kupinga mashine za kuchuma majani zinazochukua nafasi ya mikono. Mashine zilichomwa moto na mtu mmoja akafa. Kijana anayeingia katika ghasia kama hizo ana kosa, lakini pia ana dhiki. Anayetazama kosa peke yake hatamponya.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imefungua mlango. Mtoto wa chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa jinai. Zamani mpaka ulikuwa miaka 8. Na mwenye umri wa chini ya miaka 18, akikiri kosa kwa hiari yake, aweza kuepushwa na kesi akapelekwa kwenye ushauri au kikao cha jamaa zake.

Ushauri wa kikundi ni jambo jepesi kulieleza. Vijana huketi duara pamoja na mshauri, kila mmoja akasema alilotenda na lililomsukuma, wenzake wakamsikiliza na kumuuliza. Siri ya kikao haitoki nje. Kijana aliyezoea kuziba masikio mbele ya mkubwa huona taabu kumdanganya mwenzake aliyepita njia ile ile.

Lakini dawa hii yaweza kugeuka sumu. Mwaka 1999 wataalamu watatu, Dishion, McCord na Poulin, walionya kwamba vijana wakorofi wakikusanywa pamoja huweza kufunzana ukorofi zaidi. Basi swali ni hili: nani ameketi nao?

Wakipsigis walikuwa na jibu la kale. Jandoni vijana walitengwa katika kibanda kiitwacho menjo, wakafunzwa adabu na wajibu na mwalimu aitwaye moteriot, wakatoka wakiwa rika moja mpaka uzeeni. Rika halikuachwa lijifunze peke yake. Na ugomvi ulipozuka, palikuwa na kokwet, baraza la majirani, ambapo aliyekosa na aliyekosewa walisikilizwa mbele ya wazee. Mshauri wa leo akimwita mzee mwenye busara, na aliyedhulumiwa akiridhia kuja, kikao kitakuwa na mizizi.

Nasi wa Mombasa jambo hili si la mbali. Katika Borstal ya Shimo la Tewa huwekwa wavulana kwa muda usiozidi miaka mitatu, kisha hurudi mitaani kwetu. Siku hiyo, ikiwa barazani hakuna mzee wa kuwapisha wakaketi, wataketi maskani. Na huko walimu hawakosekani.