Je, Wajua? Zipange Utakavyo, Hupati Namba Tasa

Je, wajua kwamba ukiandika tarakimu 1 hadi 9, kila moja mara moja, kwa mpangilio wowote ule, hupati namba tasa, yaani inayogawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu? Mipangilio ipo 362,880, na yote inagonga mwamba!

Siri imo katika jumla: tarakimu hizo zikijumlishwa ni 45, nayo hugawanyika kwa 9. Kwa kuwa 10, 100 na 1,000 zikigawanywa kwa 9 hubakiza 1, kila namba hubakiza sawa na inavyobakiza jumla ya tarakimu zake; basi kila mpangilio hugawanyika kwa 9. Kwa 3 ni vivyo hivyo.

Lakini tahadhari: jumla ikiwa tasa, si lazima namba nayo iwe tasa. Tarakimu za 49 zina jumla ya 13, ambayo ni tasa, ilhali 49 yenyewe ni 7 × 7.