Dirisha la Kompyuta Lisifungwe Bure

Karani wa kituo cha polisi huwa na madirisha kadhaa wazi katika kompyuta: taarifa za matukio, barua na hesabu. Raia wakisubiri mezani, asiyejua njia hufunga moja ili aone jingine, na maandishi yasiyohifadhiwa huweza kupotea.

Kufunga hakuhitajiki. Katika kompyuta za Windows, kitufe cha Alt hushikiliwa huku Tab ikibonyezwa. Madirisha yote hujipanga machoni, na Alt ikiachiwa, lililochaguliwa hujitokeza mbele.

Programu ya kila siku yafaa kupewa vitufe vyake. Alama yake ya mkato iliyopo kwenye uso wa skrini hubonyezwa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha huchaguliwa "Properties". Penye "Shortcut key" hubonyezwa herufi moja, mathalani H ya hesabu. Kompyuta yenyewe huongeza Ctrl na Alt. Ikishabonyezwa "OK", vitufe hivyo vitatu vikibonyezwa pamoja huileta programu hiyo.

Nyumbani nako, mama aandikaye matumizi ya mwezi huku mtoto akisoma somo lake katika kompyuta hiyo hiyo atanufaika vivyo hivyo. Lakini kuhifadhi kazi mara kwa mara, kwa Ctrl na S, ni desturi isiyofaa kuachwa.