Maumivu ya kifua yanayokuja usiku: tusikimbilie kusema ni uchawi

Mama mmoja wa kwaya alikuwa akiamshwa na maumivu ya kifua saa tisa au saa kumi ya usiku. Kifua kilimbana kama mtu amekikalia, maumivu yakapanda mpaka tayani na mkono wa kushoto, jasho likamtoka. Baada ya dakika kumi hivi yakaisha. Mchana alipanda mlima na mzigo mgongoni bila shida. Alipopimwa moyo mchana, hawakuona kitu. Watu wakasema amerogwa. Nasi wachungaji, tukubali kosa letu, tulimweka katika chumba cha maombi majuma mawili kabla ya kumtuma hospitali kubwa.

Moyo una mishipa yake inayouletea damu. Wengi wetu tunajua habari za mshipa uliozibwa na mafuta: huyo mgonjwa huumia akipanda mlima, akipumzika anapata nafuu. Lakini kuna mshipa unaojikaza wenyewe, kama mpira wa maji unaofinywa na mkono. Damu inapungua au inakatika, kisha mshipa unalegea na maumivu yanaondoka. Daktari Myron Prinzmetal wa Los Angeles, Marekani, na wenzake waliueleza ugonjwa huu mwaka 1959. Huja mtu akiwa amepumzika, mara nyingi kati ya usiku wa manane na asubuhi. Maumivu yakiisha, kipimo cha umeme wa moyo kinaweza kuonekana kizuri kabisa. Ndiyo sababu yule mama aliambiwa hana kitu. Mgonjwa aandike saa maumivu yanapoanza na yanapoisha, ampelekee daktari. Karatasi hiyo inasaidia sana.

Kuisha kwake si dalili ya usalama. Mshipa ukibaki umejikaza, sehemu ya moyo inaweza kufa, au mapigo yakavurugika na mtu akaanguka ghafla.

Tumbaku ndiyo adui wa kwanza, na mwenye ugonjwa huu lazima aiache kabisa. Baridi nayo inaweza kuuamsha, vilevile msongo wa mawazo, ambao huku kwetu hauhitaji maelezo.

Dawa zipo. Maumivu yakianza, mgonjwa aliyeandikiwa trinitrini huiweka chini ya ulimi, akiwa ameketi, kwa maana inashusha tansiyo na inaweza kumwangusha. Wababa wasikie hili vizuri, hata kama hatulisemi madhabahuni: anayetumia vidonge vya nguvu za kiume asiiguse, amwambie daktari ukweli. Za kila siku ni kama amlodipini, nifedipini au diltiazemu, ambazo hulegeza mshipa. Wengi wanazijua kama dawa za tansiyo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu dawa nyingine ya tansiyo, propranololi, inaweza kuzidisha kujikaza kwa mshipa. Basi tusiazimane vidonge na jirani.

Yule mama alituuliza kama kumeza kidonge kila siku ni kukosa imani. Tulifungua naye Isaya 38. Hezekia aliomba, Mungu akamjibu, na bado nabii aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Anaendelea na dawa zake. Tunawasihi wenzetu watumishi: msimwambie mtu aliyeombewa atupe vidonge. Kuviacha ghafla kunaweza kurudisha maumivu kwa nguvu kuliko mwanzo.

Maumivu ya namna hii yakimjia mtu kwa mara ya kwanza, au yakipita dakika kumi na tano, au akizimia, au pumzi ikimpungukia, apelekwe hospitali saa ileile, kwa gari au kwa pikipiki, bila kungoja mkesha uishe. Mchungaji afuatane naye. Kuomba kunawezekana hata njiani.