Picha za Ndani ya Mguu: Matende Si Uchawi

Katika vijiji vingi vya pwani mtu akivimba mguu watu husema, "Huyo kakanyaga kitu." Basi anapelekwa kwa mganga na kuchanjwa chale. Miezi inapita, mguu unazidi kuwa mzito. Leo tutaeleza namna madaktari wanavyoona ndani ya mguu, na wameona nini humo.

Mishipa ya limfu

Mbali na mishipa ya damu, mwilini kuna mishipa mingine myembamba sana. Inaitwa mishipa ya limfu. Kazi yake ni kukusanya maji yanayobaki katikati ya nyama na kuyarudisha kwenye damu. Minyoo ya matende, myembamba kama uzi, hukaa ndani ya mishipa hiyo. Anayeieneza ni mbu. Mishipa ikiharibika, maji hayapiti vizuri. Ndipo mguu unapovimba.

Picha za aina tatu

Kwanza ni eksirei. Hii huonyesha mifupa vizuri, lakini mishipa ya limfu haionekani.

Pili ni altrasaundi. Mashine hii hutumia sauti ambayo sikio halisikii. Sauti huingia mwilini, hugonga na kurudi, na picha hutokea kwenye kioo. Haiumi. Mwaka 1994 wataalamu wa Recife, nchini Brazili, walieleza kuwa wameona minyoo iliyo hai ikichezacheza ndani ya mishipa ya limfu ya wanaume, sehemu za korodani. Kwa mguu uliovimba, altrasaundi humsaidia daktari kujua kama ni damu iliyoganda mshipani. Hiyo ni hatari, na matibabu yake ni mengine.

Tatu, dawa yenye mionzi kidogo huchomwa kwenye ngozi katikati ya vidole vya mguu. Kamera maalumu huifuata. Katika mguu mzima, dawa hupanda mpaka kinenani kama maji yanayofuata mfereji. Katika mguu mgonjwa hukwama na kutapakaa chini ya ngozi, kama mfereji wa shamba uliobomoka kingo.

Picha za namna hii zilizopigwa huko Recife zilionyesha jambo kubwa. Watu wenye vimelea katika damu, ambao miguu yao haijavimba hata kidogo, mishipa yao ilikwisha anza kuharibika.

Tufanye nini?

Kamera hiyo iko katika hospitali kubwa chache tu. Lakini mafunzo yake yanatufaa sote kijijini.

Usiseme, "Mimi mbona sivimbi, dawa ya nini?" Dawa za matende zikigawiwa, tumeze. Tanzania ilianza kuzigawa mwaka 2000 kisiwani Mafia. Tulale ndani ya chandarua.

Mwenye matende aoshe mguu kila siku kwa maji na sabuni, na aukaushe vizuri katikati ya vidole. Akikaa, auinue. Akiwa na kidonda au homa, aende zahanati mapema. Vijidudu huingia kupitia michubuko, na kila homa huzidisha uvimbe. Kwa hiyo chale hazimponyi mgonjwa. Zinafungua mlango kwa vijidudu.

Shime, ndugu wasomaji. Mwenye mguu uliovimba asifichwe ndani. Tumpeleke zahanati.