Unataka kufungua mgahawa wa chai? Jua kwanza mteja anatafuta nini

Haya wadau, leo tuache siasa kidogo, tuongee chai. Sio ile chai ya kumpa askari barabarani (hiyo ina mada yake), wala "chai" ya kupigana kamba kama vijana wanavyosema siku hizi. Naongelea chai yenyewe, ya kwenye kikombe, na chapati mbili pembeni.

Sababu ya kuandika ni hii. Hapa mtaani kwetu Mbagala kuna vijana wanne na dada mmoja wameunda kikundi, wanafuatilia mkopo wa halmashauri. Kwa asiyeufahamu: kila halmashauri Tanzania inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Hawa jamaa wanataka kufungua mgahawa wa chai. Wameshachagua mpaka rangi ya ukuta, jina la mgahawa, na runinga kubwa ya kutundika. Nikawauliza, mteja wenu atakuja kutafuta nini? Wakanijibu, "Chai nzuri, braza!" Nikanyamaza. Hela haina riba sawa, lakini lazima irudi, na majina yao matano yapo kwenye karatasi.

Mimi sio mtaalamu wa biashara, tuelewane. Mimi ni mlaji. Nimekunywa chai ya nje karibu kila asubuhi kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na shangazi yangu amepika chai karibu na kituo cha daladala tangu nikiwa shule ya msingi, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili za birika. Nilichokiona ni kwamba mteja wa chai ya asubuhi hanunui utamu. Ananunua uhakika. Anataka akija kesho akute kile kile alichokiacha jana, saa ile ile, bei ile ile, aondoke awahi.

Fikiria ni nani anakuja saa 11 alfajiri. Konda. Mlinzi anayetoka zamu. Fundi anayewahi saiti. Mama anayewahi samaki Feri. Kijana wa bodaboda mwenye hesabu ya bosi kichwani. Hawa watu wote wana mtu anayewasubiri, na wana dakika kumi, kumi na tano. Akikukuta ndio kwanza unapepea mkaa, anakusamehe mara ya kwanza. Mara ya pili anakwenda kwa jirani yako, na akishafika kule akahudumiwa harudi tena, sio kwa sababu ana chuki na wewe, ni kwamba mguu umeshazoea njia nyingine. Shangazi alikuwa anaumwa kichwa anakuja, mvua inanyesha anakuja. Nikamuuliza siku moja kwa nini asipumzike, akasema, "Mwanangu, mtu akikuta pamefungwa leo, kesho anapita bila kuangalia."

Na kuwahi kufungua peke yake hakutoshi. Kuna kitu wanaofungua migahawa mipya hawakipimi kabisa: muda kutoka mtu anakaa mpaka kikombe kinagusa meza. Sehemu nzuri, ukikaa tu unaulizwa swali moja, "ya rangi au ya maziwa?", na chai inamiminwa hapo hapo kutoka kwenye chupa. Chapati zinaendelea kuiva, moja kwenye kikaango, nyingine zimefunikwa kwenye hotipoti. Sehemu mbaya, mhudumu anakuja, anaondoka, anarudi kuuliza tena umesema nini, halafu anakwambia "chapati bado kidogo". Hiyo "bado kidogo" imeua migahawa mingi kuliko moto wa mkaa!

Sasa chai yenyewe, maana hapa watu wanadhani hakuna cha kujua. Viwanda vyetu vingi, kuanzia Mufindi na Rungwe mpaka kule Kericho kwa majirani zetu, vinatengeneza chai kwa kukatakata na kusagasaga jani. Ndiyo maana chai yetu ni vichembe vidogo vyeusi, sio majani marefu yaliyosokotwa kama unayoyaona kwenye picha za Wachina. Kichembe kikiwa kidogo, rangi na ukali vinatoka haraka sana. Uzuri wake ni kwamba pakiti moja inatoa vikombe vingi. Ubaya wake, ukiiacha ichemke na kuchemka inatoa ukakasi, ule wa kukausha ulimi kama umekula ndizi mbichi. Wapishi wengi wanachemsha majani robo saa ili "yatoke vizuri", halafu wanamimina kwenye chupa na majani yake. Ikifika saa 3 asubuhi ile sio chai tena, ni dawa ya kienyeji. Chemsha maji na viungo kwanza mpaka vikolee, tia majani mwishoni, yape dakika chache, chuja yote. Chupa iingie chai iliyochujwa tu. Na ni afadhali chupa tatu ndogo zinazokwisha na kujazwa upya kuliko sufuria moja kubwa ya tangu alfajiri.

Tangawizi nayo ina siri yake. Kuna watu wakitia tangawizi mbichi kwenye maziwa, maziwa yanakatika, wanamlaumu muuza maziwa. Sio yeye (saa nyingine ni yeye!). Tangawizi mbichi ina kimeng'enya chenye uwezo wa kugandisha maziwa, na joto kali ndilo linalokiua. Kwa hiyo tangawizi itangulie kuchemka kwenye maji, maziwa yafuate. Maziwa yenyewe kama ni ya ng'ombe wa mtaani lazima yachemke hasa, sio kupashwa, kwa sababu kifua kikuu cha ng'ombe na brusela vinapita humo humo. Mteja haoni haya yote. Anachokiona ni kikombe chenye mabonge meupe yanaelea, na hicho atawasimulia watu kumi.

Iliki, mdalasini, karafuu ni vizuri, ila jamani msizidishe. Mtu wa chai ya kila siku hataki kunywa pilau. Anataka tangawizi aisikie kooni, iliki aisikie kwa mbali, basi. Cha maana zaidi, iwe kiasi kile kile kila siku. Nakumbuka mgahawa mmoja pale Buguruni, sitautaja, Jumatatu chai moto wa tangawizi, Jumanne maji ya kuoshea kikombe. Kumbe wapishi walikuwa wawili na kila mmoja anapima kwa kiganja chake. Kijiko kimoja cha kupimia kingemaliza ugomvi.

Tuje kwenye sukari, hapa ndipo heshima ya mteja ilipo. Mlaji anataka bakuli la sukari mezani, atie mwenyewe. Kuna mwenye kisukari, kuna anayetia vijiko vinne bila aibu. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na bei kupaa, sehemu nyingi mabakuli yalipotea mezani, chai ikaanza kuja imeshakorogwa jikoni. Watu walielewa kwa sababu kila mtu alikuwa anaona bei dukani. Kilichowaudhi ni wale ambao sukari ilishuka bei na bakuli halikurudi. Mteja hasemi kitu, lakini anahesabu!

Ni kama andazi. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, ngano na mafuta ya kula vikapanda. Kila muuzaji akawa na njia mbili, apandishe bei au apunguze andazi. Wengi walipunguza andazi kimya kimya wakidhani ni ujanja. Mimi nawaambia, mkono wa mtu anayekula andazi lile lile kila siku ni mzani. Siku ya kwanza anajua. Shangazi alichofanya, aliwaambia watu wake mapema, "Wanangu, unga umepanda, kuanzia wiki ijayo naongeza bei, andazi litabaki lile lile." Walinung'unika siku mbili wakaendelea kula. Nadhani alikuwa sahihi, ingawa najua wauzaji ambao hawatakubaliana na mimi, na hasa wale wa karibu na shule ambako mtoto ana sarafu moja tu mkononi na bei haiwezi kusogea.

Chenji sasa. Saa 12 asubuhi mtu anakuja na noti ya elfu kumi, amekula chai na chapati moja. Wewe huna chenji, unamwambia "subiri kidogo" au, mbaya zaidi, "pitia jioni". Hapo umemla muda wake na hela yake kwa pamoja. Mgahawa mzuri unalala na chenji ya kesho, imefungwa pembeni, haiguswi. Hela za simu zimesaidia, M-Pesa iko Tanzania tangu 2008 na lipa namba zimebandikwa kila kibanda, lakini mteja wa chapati moja hataki kukatwa makato, na saa hiyo mtandao ukigoma foleni yote inasimama. Msitupe sarafu.

Kuhusu usafi sitasema sana, kila mtu anajua. Ila angalieni mteja anakagua wapi. Haingii jikoni kwenu. Anaangalia ukingo wa kikombe, kitambaa cha kufutia meza, na kucha za anayemwekea chapati. Kuanzia kipindupindu kilipozuka Dar Agosti 2015 na kusambaa mikoani, halafu Korona ya 2020, watu wamezoea ndoo yenye koki na sabuni pale mlangoni. Mahali pengi ndoo bado ipo lakini ni tupu! Ndoo tupu ni mbaya kuliko kutokuwa na ndoo, kwa sababu inamwambia mteja kwamba mnajua mnachotakiwa kufanya na hamfanyi. Na tafadhali msifungie maandazi kwenye gazeti. Wino na mafuta ya moto ni marafiki wakubwa, tunasoma vichwa vya habari kwenye andazi.

Halafu kuna jambo la kutambuliwa. Mtu akija mara ya tatu, mhudumu mzuri anasema "Kaka, ya rangi bila sukari kama kawaida?" Hapo umemfunga. Huyu anaweza kuwa mtu ambaye siku nzima anaitwa "wewe konda", "we mlinzi", na pale kwako ndipo mahali pekee anapojulikana anavyokunywa chai. Ndiyo maana kubadilisha wahudumu kila mwezi ni hasara ambayo haionekani kwenye daftari. Lakini kutambuliwa kuna mzigo wake, nao unaitwa mkopo. Mteja wa kudumu ataomba "niandikie". Ukikataa kabisa, anaona humthamini. Ukikubali kila mtu, unga wa kesho hautanunulika. Shangazi alikuwa na utaratibu wake: mpya hakopi, wa zamani anakopa chai na vitafunwa vya siku moja, akilipa anaruhusiwa tena. Hakuwahi kumdai mtu mbele ya watu. Nimeshuhudia sehemu nyingine mama anapaza sauti "wewe una deni la Ijumaa!" Yule mtu alilipa pale pale, na tangu siku hiyo anavuka barabara kwa upande wa pili.

Nilisema mteja anataka kuondoka haraka. Huyo ni wa asubuhi. Wa jioni ni kiumbe tofauti kabisa, na hapa ndipo runinga ya wale vijana wangu inapoingia. Kuanzia saa 11 jioni mtu anakuja kukaa. Strungi moja na kashata anaweza kuimaliza kwa saa nzima, mpira unajadiliwa, Simba na Yanga, nani kasajiliwa. Huyu anataka benchi lisiloyumba, kivuli, na asifukuzwe kwa macho. Faida yake kwa kikombe ni ndogo lakini anajaza mgahawa, na mgahawa wenye watu unaita watu. Kosa ni kuchanganya. Ukiwasha runinga saa 12 asubuhi, viti vyote vinakaliwa na watu wanaoangalia marudio ya mechi, na fundi mwenye haraka anakosa pa kukaa. Kwa hiyo ningekuwa mimi, hela ya runinga ingenunua kwanza chupa za chai nzuri, hotipoti, na akiba ya unga na mkaa ya wiki mbili. Runinga inunuliwe na faida ya jioni.

Mwisho, mahali. Baada ya machinga kupangwa upya Oktoba 2021 na vibanda vya barabarani kuondolewa, akina mama wengi walihamia ndani ya mitaa. Waliofanikiwa kubaki na wateja wao, kwa nilivyoona, ni waliohama umbali wa kutembea dakika mbili tatu tu. Hata yule aliyekupenda miaka mitano hataacha njia yake ya kwenda kituoni kwa ajili ya kikombe. Kabla hujalipa kodi ya fremu, simama hapo nje saa 11 alfajiri kwa siku tatu uangalie miguu inaelekea wapi. Wale vijana wetu fremu yao iko nyuma ya gereji, kodi rahisi kweli, ila alfajiri hapiti mtu. Nimewaambia waende wakaangalie wenyewe kabla hawajasaini.

Haya, walaji wenzangu na nyie wenye migahawa, uwanja ni wenu. Na mwenye kujua wapi hapa Dar naweza kupata muhogo wa kuchemsha na chai ya maziwa kabla ya saa 12 asubuhi aniambie, nitalipa kwa sarafu.