Goma: Mapendo, kompyuta ya zamani bado inaweza kulisha mwenyewe

Katika kata ya Mapendo, tarafa ya Goma, si mbali na mpaka wa Rwanda, kompyuta ya mezani ni chombo cha kutafutia chakula, sawa na cherehani ya fundi wa nguo. Ndiyo inaandika barua za kuomba kazi, ndiyo inachapa TFC za wanafunzi, ndiyo inatengeneza fakture za wachuuzi. Nyingi kati ya mashini hizo zinauzwa hapa zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi kwingine. Memori yake ni GB 2 au 4. Ukiiwasha ikiwa na Windows, unaweza kwenda kununua mega na kurudi kabla haijawa tayari.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 shida imeongezeka. Siku hiyo Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, maana yake marekebisho ya bure ya usalama yaliyokuwa yakija kila mwezi. Windows 11 nayo inaomba angalau GB 4 za memori, GB 64 za nafasi kwenye disiki, na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kwa upande wa Intel, prosesa nyingi zinazokubaliwa ni za kizazi cha 8 kwenda mbele. Mashini ya mwaka 2012 haiingii katika orodha hiyo, hata kama bado inawaka vizuri.

Je, mwenye kibanda afanye nini? Kununua mashini mpya ni pesa ambazo wengi hawana. Kuna njia nyingine ambayo haiombi pesa bali uvumilivu wa wiki moja hivi: kuweka Linux, na juu yake kuweka msimamizi mdogo wa madirisha.

Msimamizi wa madirisha ni nini?

Ukifungua programu yoyote, inatokea ndani ya dirisha. Kuna programu nyingine, nyuma, inayoamua dirisha hilo likae wapi, liwe na ukubwa gani, na lipi liwe mbele. Huyo ndiye msimamizi wa madirisha. Kwenye kompyuta nyingi anakuja pamoja na mizigo mingi: picha zinazotembea, vivuli, taarifa za hali ya hewa, programu zinazojiwasha zenyewe bila kuombwa. Vyote hivyo vinakula memori.

Msimamizi mdogo anaacha mizigo hiyo. Anapanga madirisha, basi. Mmoja wao, dwm, alianza mwaka 2006, na waliomtengeneza walijiwekea sheria kwamba programu yote isipite mistari 2,000. Mwingine, i3, aliandikwa na Mjerumani Michael Stapelberg na akatoka kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Wote wawili ni wa bure, na yeyote anaweza kusoma ndani yao mambo yanavyofanyika. Kumrekebisha dwm kunaomba kugusa lugha ya programu ya C na kuitengeneza upya. Kwa i3 inatosha kuandika katika faili moja ya maneno ya kawaida. Kwa hiyo, kwa mtu anayeanza, i3 ndiye rahisi zaidi.

i3 hapandanishi madirisha kama karatasi zilizotupwa mezani. Anayapanga kama vigae. Ukifungua la kwanza, linajaza skrini yote. Ukifungua la pili, skrini inagawanyika katikati. Faida yake inaonekana upesi katika kazi ya kuchapa. Mteja amekutumia kwa WhatsApp picha ya karatasi aliyoandika kwa mkono. Unafungua picha upande wa kushoto, LibreOffice upande wa kulia, unasoma huku unaandika. Hakuna kuvuta dirisha kwa kipanya, hakuna kulitafuta lilipojificha.

Tena i3 anakupa meza kumi badala ya moja. Kwenye meza ya 1 unaweka maandishi, kwenye ya 2 intaneti, kwenye ya 3 hesabu za siku. Kutoka meza moja kwenda nyingine ni kubonyeza vitufe viwili.

Kuiweka bila kumaliza mega

Debian ni mojawapo ya aina za Linux zinazofaa kwa mashini hizi. Lakini angalia kwanza umri wa mashini. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena njia ya kujiweka kwenye kompyuta za biti 32. Kama mashini ni ya zamani sana kiasi hicho, Debian 12 ndiyo ya mwisho kukubali. Kabla ya lolote, nakili faili zako zote kwenye disiki nyingine, kwani kuweka mfumo mpya kunaweza kufuta kila kitu.

Wakati wa kuweka Debian, ukifika kwenye ukurasa unaouliza aina ya skrini ya kazi, usichague yoyote. Mfumo ukishamaliza, unaingia kwa jina la root na kuandika mstari huu:

apt-get install xorg lightdm i3 libreoffice-writer firefox-esr fonts-liberation

Mstari huo utashusha vitu vingi, na mega Goma ni pesa. Ndiyo maana ni vizuri kutumia apt-get: inaacha nakala ya kila ilichoshusha katika folda /var/cache/apt/archives. Mmoja akishusha, anakopi folda hiyo kwenye flashi, na jirani mwenye Debian ya namna ileile anaweka kwa amri ya dpkg bila kutumia mega yake hata moja. Vibanda vitatu vinaweza kuchangia mara moja.

Fonts-liberation haikuwekwa hapo bure. Vyuo vingi vinaomba kazi za wanafunzi ziwe katika herufi za Times New Roman. Herufi hizo hazipo ndani ya Debian, lakini Liberation Serif ina vipimo vilevile, hivyo ukurasa ulioandikwa kwa Times hauvunji mistari yake ukifunguliwa hapa.

Klavye ya AZERTY: mtego wa kwanza

Siku ya kwanza i3 inauliza maswali mawili. La kwanza: itengeneze faili yake ya mpangilio? Jibu ni ndiyo. La pili: kitufe gani kiwe kitufe kikuu, Alt au kile chenye alama ya Windows? Chagua cha Windows, kwa sababu Alt inatumiwa tayari na programu zingine.

Baada ya hapo, vitufe vya kukumbuka ni vichache. Kitufe kikuu na Enter kinafungua dirisha la kuandikia amri. Kitufe kikuu na d kinaleta mstari juu au chini ya skrini ambapo unaandika jina la programu unayotaka. Kitufe kikuu na f kinajaza skrini kwa dirisha moja. Ukiongeza Shift na q (kwenye klavye ya AZERTY ni a), dirisha linafungwa. Mishale inakupeleka kutoka dirisha moja hadi lingine.

Tatizo linakuja kwenye namba. Huku kwetu wengi wamezoea klavye ya Kifaransa, ambapo ili upate 1 unapashwa kushika Shift. Bila Shift kitufe hicho kinatoa alama ya &. Sasa kama faili ya i3 inasema meza ya kwanza inafunguliwa kwa 1, utabonyeza na hakuna kitakachotokea. Wengi wanakata tamaa hapo, wakidhani mashini imeharibika.

Dawa ni kuchagua klavye ya Kifaransa tangu wakati wa kuweka Debian. i3 inapotengeneza faili yake, inaangalia klavye iliyopo na kuandika majina yanayofaa: ampersand badala ya 1, eacute badala ya 2, na kuendelea. Kama faili ilitengenezwa vibaya, unaweza kubadilisha majina hayo wewe mwenyewe. Wachache wanajua pia kwamba Linux ina mpangilio wa klavye uliowekwa kwa jina la nchi yetu. Unaitwa cd, na umejengwa juu ya AZERTY.

Faili moja inayobeba kazi yako yote

Faili ya i3 inakaa katika .config/i3/config, ndani ya folda yako. Ni maneno matupu. Ukitaka kitufe kikuu na t kifungue mara moja ukurasa wa kuandikia, unaongeza mstari mmoja:

bindsym $mod+t exec libreoffice --writer

Ukitaka klavye ya Kifaransa ijiweke yenyewe kila mashini inapowaka:

exec --no-startup-id setxkbmap fr

Kisha unabonyeza kitufe kikuu, Shift na c, na vitufe vipya vinaanza kutumika bila kuzima kitu. Mistari inayoanza na exec ndiyo inangoja mara nyingine utakapoingia. Ukikosea, i3 inaonyesha mstari mwekundu juu ya skrini wenye kitufe cha kufungua faili urekebishe. Lakini kabla ya kubadilisha chochote, fanya nakala ya faili iliyokuwa inatumika vizuri.

Mstari wa exec una kazi nyingine muhimu Goma. Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika, kila kilichokuwa wazi kinazimika papo hapo. Hakuna msimamizi wa madirisha anayeweza kuzuia hilo. Anachoweza ni kufupisha njia ya kurudi: umeme ukirudi, unaingia, na programu ulizoandika katika mistari ya exec zinafunguka zenyewe. Ukitumia pia neno assign, kila moja inakwenda kwenye meza yake. Ongeza jambo moja katika LibreOffice: ndani ya mipangilio yake kuna pahali pa kuamua baada ya dakika ngapi ihifadhi kazi kwa ajili ya kuiokoa. Kwa kawaida ni dakika 10. Ziwe 2 au 3. TFC ya mtu isipotee kwa ajili ya dakika nane.

Yasiyotatuliwa

Tuseme ukweli. Baada ya kuwaka, Linux yenye i3 mara nyingi inatumia chini ya MB 500 za memori, na mashini ya GB 2 inapumua. Lakini ukifungua intaneti na kurasa kumi na tano kwa pamoja, memori inajaa vilevile. Firefox haijui kama msimamizi wako wa madirisha ni mdogo. Fungua kurasa unazohitaji, funga zilizobaki.

Pili, faili za Word zinafunguka katika LibreOffice, lakini zile zenye majedwali mengi au maumbo ya kuchora zinaweza kuharibika mpangilio. Kabla ya kuchapa kwa karatasi, mwonyeshe mteja. Tatu, kuna mashini za kuchapia ambazo hazielewani na Linux. Ijaribu yako kwanza, kwa kuwasha Linux kutoka kwenye flashi bila kufuta Windows. Programu fulani za uhasibu nazo zimeandikwa kwa Windows peke yake. Mwenye kuzitegemea abakize mashini moja kwa kazi hiyo.

Nne, wateja. Mtu anayekuja kukaa mwenyewe mbele ya skrini ya i3 ataona ukuta mtupu, bila kitufe cha kubonyeza. Kwa mashini za wateja, IceWM inafaa zaidi. Hiyo ilianza mwaka 1997, nayo ni ndogo, lakini ina mstari wa chini na orodha ya programu kama walivyozoea. i3 ibaki kwa yule anayechapa kutwa nzima, kwani mikono yake ndiyo itafaidika kwa kutoacha klavye.

Kinachobebeka

Tarehe 27 Mei 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, viongozi wa jimbo waliomba kata 10 za Goma zihame haraka. Mapendo ilikuwa kati yake. Watu waliondoka kuelekea Sake, Rutshuru, Bukavu na ngambo ya mpaka. Wenye umri mkubwa walikumbuka Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji. Tangu hapo, vita navyo vimewakimbiza wakaaji wengi mara nyingine.

Katika saa kama hizo hakuna anayebeba kompyuta ya mezani. Lakini faili ya i3 ina uzito wa kilobaiti chache tu. Ukiiweka kwenye flashi pamoja na kazi za wateja na ile folda ya Debian, unabeba kibanda chako mfukoni. Pale utakapopata mashini nyingine, iwe ya zamani namna gani, unaweka mfumo, unarudisha faili, na vitufe vinajibu kama vilivyojibu Mapendo. Mwenye flashi hiyo aiandike upya kila Jumamosi anapofunga kazi.