Wakati wa Kumwingiza Mwandani wa Shujaa katika Mchezo wa Kompyuta wa Kifantasia: Mfano wa Njia ya Misafara ya Bagamoyo

Katika michezo ya kompyuta ya kifantasia ambamo mchezaji huvaa uhusika wa shujaa, ni nadra shujaa huyo kusafiri peke yake. Huandamana na wahusika ambao makala hii inawaita wandani: wapiganaji, waganga, wachawi, wakalimani. Watunzi hutafakari sana wandani hao ni akina nani na wana uwezo gani. Swali la lini waingie, aghalabu, huachiwa mahitaji ya mapambano: adui akizidi nguvu, mwandani huongezwa. Hoja ya makala hii ni kwamba uamuzi huo ni wa kisimulizi kabla ya kuwa wa kimapambano, kwa kuwa wakati wa kuingia ndio unaoamua mwandani atakuwa na haki gani juu ya mwisho wa hadithi.

Vladimir Propp, katika uchanganuzi wake wa ngano za Kirusi wa mwaka 1928, alimweka msaidizi baada ya shujaa kujaribiwa na kabla ya pambano kuu. Mpangilio huo unatosha kwa ngano fupi. Mchezo wa makumi ya saa unadai zaidi, kwa sababu mchezaji hasimuliwi kwamba mwandani ni mpendwa. Humzoea kwa kutembea naye. Katika Baldur's Gate (1998), Imoen huonekana kwanza ndani ya ngome ambamo shujaa amelelewa, kisha hujiunga naye mara tu mlezi wao Gorion anapouawa. Anaingia palipo na pengo, na mchezaji amekwisha kulihisi. Mass Effect 2 (2010), ingawa ni ya kisayansi na si ya kifantasia, inatoa mfano wa kinyume: Legion hujiunga wakati safari inakaribia kilele, na mchezaji hana nafasi ya kutosha ya kusafiri naye. Ni mhusika aliyesanifiwa vizuri aliyefika karamuni wakati vyombo vinaoshwa.

Hata hivyo, kuchelewa peke yake si kosa. Magus wa Chrono Trigger (1995) anaweza kujiunga katika sehemu ya mwisho, na bado ujio wake una uzito, kwa sababu mchezaji amekuwa akimjua kama adui kwa muda mrefu. Hapa ndipo inapobidi kutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa: kuonekana kwa mwandani na kujiunga kwake. La pili linaweza kucheleweshwa sana iwapo la kwanza limetangulia.

Umuhimu wa tofauti hiyo unaonekana katika kisa kilichokomea Bagamoyo mwezi Februari 1874. Chuma alikuwa amekombolewa utumwani mwaka 1861. Susi aliajiriwa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi. Wote wawili walikuwa na David Livingstone aliposhuka pwani ya Mikindani mwaka 1866. Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya misheni huko Nasik, India, alifika mwaka 1872 miongoni mwa watu zaidi ya 50 ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwanzoni mwa Mei 1873, ni Wainwright aliyesoma sala ya mazishi na kuchonga maandishi kwenye mti. Maiti ilibebwa kwa miezi tisa hivi. Huko Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, Cameron aliwashauri waizike hapo, wakakataa. Lakini walipofika pwani, aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza alikuwa Wainwright. Tarehe 18 Aprili 1874 ndiye aliyekuwepo Westminster Abbey. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huo, mazishi yakiwa yamekwisha.

Mwandani wa mwisho kuingia alipewa tukio la mwisho kwa sababu alikuwa na kisomo na Kiingereza. Mtunzi wa mchezo anaweza kufanya dhuluma hiyohiyo bila kukusudia: humwingiza mtaalamu mwishoni kwa kuwa ujuzi wake unahitajika, na ujuzi huo humpa kilele ambacho wengine wamekigharamia. (Wainwright mwenyewe hana lawama, kilichopungua ni mpangilio.)

Chukulia mchezo unaoanzia Bagamoyo. Kishawishi ni kuwakusanya wandani wote pwani, kama wapagazi walivyoajiriwa, na matokeo yake ni nyuso nyingi zisizotofautika. Kumbukumbu za misafara zinataja mara kwa mara wapagazi waliotoroka wangali karibu na pwani. Mtunzi anaweza kulitumia hilo: wengi waondoke naye, wachache wabaki baada ya vituo vya kwanza, na hao waliobaki ndio wapewe majina na mazungumzo. Kwa njia hiyo mwandani hajiungi kwa kutangazwa. Hujiunga kwa kutoondoka.

Kwa mwandani wa kuchelewa, historia yenyewe inatoa mbinu. Mwaka 1871 Stanley aliondosha watu wake Bagamoyo kwa misafara mitano, wa kwanza tarehe 18 Februari na wa mwisho tarehe 21 Machi. Mchezaji aliye katika msafara wa mwisho anaweza kumwona mkalimani akihesabu mizigo ya msafara wa kwanza, akabadilishana naye maneno mawili, kisha akaliona jina lake limechongwa kwenye miti ya njiani kabla ya kumkuta Unyanyembe akiwa mgonjwa na bila msafara. Hapo atajiunga kwa kuchelewa bila kuwa mgeni. Na wakirejea pwani, nahodha akisema ana nafasi ya mtu mmoja tu, mchezaji ndiye atakayechagua nani apande.